Papa Mchanga na Mtamba wa Kajiado

Mpwani aliyehamia Kitengela kutafuta riziki huiacha bahari zaidi ya kilomita 400 nyuma yake, lakini ladha yake haiachi. Jamaa akija kutoka Mombasa au Malindi, haikosi katika vifurushi harufu ya papa mkavu wa chumvi, wa kutiwa tui la nazi. Jirani Mmasai, ambaye kwa mila hakuzoea samaki, hukunja pua.

Papa huyo mara nyingi ni mchanga. Wavuvi wa mitumbwi na ngalawa hawaendi mbali. Huvua ghubani, kando ya mikoko na miamba, na huko ndiko watoto wa papa wa aina nyingi hukulia. Mshipi hutiwa waya karibu na ndoana, maana uzi mtupu papa huukata kwa meno. Wengine hutega jarife. Zamani kilitupwa kidogo sana: nyama ililiwa, ini lilitoa sifa ya kupaka majahazi, na ngozi kavu ilisugulia mbao.

Shida iko kwenye uzazi. Changu hutaga mayai kwa maelfu. Papa wa miambani mwenye ncha nyeusi huchukua mimba miezi mingi, kisha huzaa watoto wachache tu. Papa wa kichwa cha nyundo aliwekewa masharti ya biashara ya kimataifa mwaka 2013, na mwaka 2019 aina yake moja ionekanayo pwani yetu ilitajwa kuwa ukingoni mwa kutoweka.

Hapo jirani yule ana la kutufunza. Mfugaji wa Kajiado akibanwa huuza dume. Mtamba humweka, kwani ndiye zizi la kesho. Ukame wa 2009 ulipoteketeza mifugo, aliyebakiwa na mitamba alikuwa na pa kuanzia.

Wanaovua kwa burudani, ndani ya vimashua vyembamba viitwavyo kayaki, wengi humwachia papa: humvuta ubavuni bila kumtoa majini, wakakata waya karibu na ndoana. Mvuvi mwenye watoto nyumbani hawezi kuambiwa aachie riziki yake hivi hivi. Lakini yeye huvua kinachonunuliwa. Basi sisi wanunuzi tuanze: tumwache papa wa urefu wa mkono, tuchukue samaki azaaye kwa wingi. Papa ni halali, ila halali nayo ina kiasi, na akiba haiozi.