Kijana Apimwe kwa Miaka, Si kwa Urefu

Kila anapotokea kijana mrefu katika viwanja vyetu vya mpira wa kikapu, hakosekani mtu wa kutamka kwamba huyo ni wa Marekani. Maneno hayo husemwa kwa nia njema, lakini mara nyingi msemaji amemtazama kijana jioni moja tu. Mzazi huyaamini, na pengine ofisa wa michezo akatia saini ya kuunga mkono safari. Sisi tunaona kwamba jambo hili linataka kipimo kilicho bora zaidi, nacho kinaonekana vyema katika mambo ya kijana mmoja aliyezaliwa kisiwani kama sisi.

Kisiwa chenyewe ni St. Croix, katika bahari ya Karibi, kilicho chini ya Marekani. Tim Duncan alizaliwa huko mwaka 1976. Mchezo wake wa kwanza ulikuwa kuogelea, kama dada yake aliyeshiriki Michezo ya Olimpiki ya Seoul mwaka 1988. Mwezi wa Septemba 1989 kimbunga kilichoitwa Hugo kiliharibu bwawa walilokuwa wakifanyia mazoezi, na mwaka uliofuata mama yake akafariki dunia kwa maradhi ya saratani. Hapo ndipo kijana alipouacha mchezo wa majini na kushika mpira wa kikapu, katika umri ambao vijana wengi wa bara la Marekani wameshaucheza kwa miaka.

Mwaka 1993 aliingia Chuo Kikuu cha Wake Forest akiwa mchezaji wa kati. Katika mchezo wake wa kwanza, dhidi ya Alaska-Anchorage, hakufunga hata pointi moja. Lau angalipimwa usiku ule, angalirudishwa kwao. Mwaka ule wa kwanza wastani wake haukufika pointi 10 kwa mchezo. Mwaka wa nne ulifika pointi 20.8, pamoja na mipira 14.7 aliyoidaka baada ya kurudi ubaoni.

Hesabu hiyo ya pili ndiyo tunayoithamini zaidi. Pointi za chuoni huweza kumdanganya mtazamaji, kwani mwalimu akiamua kila mpira upitie kwa mchezaji mmoja, lazima mchezaji huyo atafunga. Mpira unaorudi ubaoni hakuna anayempa mtu. Huupata aliyetangulia kujua utaangukia wapi, akaweka miguu yake mahali hapo kabla ya mwenzake. Ujuzi wa namna hiyo haupungui mchezaji anapokutana na watu wazima wenye nguvu kuliko yeye.

Mwaka 1995, baada ya miaka miwili tu chuoni, Duncan angaliweza kwenda kulipwa, na walikuwapo wakubwa wa ligi ya NBA waliosema angaliteuliwa wa kwanza. Yeye alibaki mpaka akapata shahada yake mwaka 1997, kwa sababu alikuwa amemwahidi mama yake kwamba atamaliza masomo. Aliyeteuliwa wa kwanza mwaka ule wa 1995 ni Joe Smith wa Chuo Kikuu cha Maryland, mchezaji wa mbele. Smith alikuwa mchezaji mzuri, akadumu katika ligi hadi mwaka 2011, ila alihama timu baada ya timu na ubingwa hakuupata. Duncan alichukuliwa wa kwanza mwaka 1997 na San Antonio Spurs, akaichezea timu hiyo moja mpaka alipostaafu mwaka 2016, na kutwaa ubingwa mara 5.

Watakuwapo watakaosema kwamba Duncan ni mmoja katika maelfu. Ni kweli. Basi na tumtazame Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, mchezaji wa kati, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Aliteuliwa wa pili mwaka 2009, na sifa kubwa iliyotajwa ilikuwa urefu wake wa futi 7 na inchi 3 na uwezo wake wa kuzuia mitupo. Mwezi wa Februari 2010 timu yake ilimpeleka ligi ya chini. Hatusemi haya kwa kumkebehi. Alifika mahali ambapo hakuna mwenzetu aliyewahi kufika. Tunawalaumu wapimaji, waliomwekea matarajio makubwa kuliko ujuzi aliokuwa amekwisha kuupata.

Tunawaomba maofisa wa michezo wafanye jambo dogo. Karatasi za matokeo ya mashindano ya vijana zisitupwe filimbi ya mwisho inapolia. Ziwekwe wilayani, jina kwa jina, mwaka hadi mwaka, na atakapokuja wakala kumtaka kijana, mzazi asomewe karatasi hizo, na barua ya chuo pia, kabla hajatia saini.