Sifa Isiyoombwa katika Chumba cha Mtihani

Kusini mwa Ziwa Naivasha, katika Kaunti ya Nakuru, mvuke unaochotwa kwenye visima vya Olkaria umekuwa ukizungusha mitambo ya umeme tangu 1981, na leo mvuke wa ardhini huipa Kenya umeme mwingi kuliko chanzo kingine chochote. Kandokando ya mabomba hayo wanaishi Wamaasai, ambao kwa miaka mingi wamesifiwa kuwa walinzi hodari na wachungaji stadi, na papo hapo wakasemwa kuwa ni watu wasiopenda masomo. Msichana wa jamii yoyote naye, awe binti wa mfugaji au wa kibarua wa mashamba ya maua, hukua akisikia kwamba hesabu na fizikia ni kazi ya wavulana. Mahali ambapo kilomita chache hutenganisha darasa la msingi na chumba cha wahandisi, ni swali zito kujua kama maneno ya namna hiyo huishia masikioni tu, au kama hupenya hadi katika akili ya mtoto na kupunguza anachoweza kukifanya mbele ya karatasi ya mtihani.

Wanasaikolojia huita fikra mgando ile picha ya jumla ambayo watu hulibandika kundi zima bila kujali tofauti za mtu na mtu. Mwaka 1995 Claude Steele na Joshua Aronson walichapisha majaribio waliyowafanyia wanafunzi weusi na weupe wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kwa kutumia maswali magumu ya lugha yanayotokana na mtihani wa kuwachuja waombaji wa masomo ya uzamili. Baadhi ya wanafunzi waliambiwa kwamba zoezi hilo linapima uwezo wao wa akili, na wengine wakaambiwa kwamba watafiti wanataka tu kuona jinsi watu wanavyotatua maswali. Weusi walioambiwa kwamba akili yao inapimwa walifanya vibaya kuliko weupe, ilhali katika kundi la pili pengo lilikaribia kutoweka. Ni lazima kuongeza jambo ambalo wengi wanaosimulia jaribio hili huliacha, nalo ni kwamba watafiti walikuwa wamekwisha kuzingatia katika hesabu zao alama ambazo wanafunzi walikuja nazo kutoka mitihani ya awali, kwa hiyo matokeo hayakumaanisha kwamba tofauti zote za elimu baina ya makundi hayo hutokana na hofu ya siku moja. Walichokionyesha ni kwamba hofu hiyo huweza kuongeza mzigo juu ya tofauti zilizokuwapo, na wakaipa jina la tishio la fikra mgando: wasiwasi wa mtu kwamba akikosea, kosa lake litahesabiwa kuwa ushahidi dhidi ya kundi lake zima.

Namna wasiwasi huo unavyodhaniwa kufanya kazi inaeleweka kwa urahisi. Akili ya binadamu ina sehemu ndogo inayoshikilia mambo machache kwa wakati mmoja wakati mtu anapokokotoa au anaposoma sentensi ngumu, na wataalamu huiita kumbukumbu tendaji. Mwanafunzi anayehangaika kuthibitisha kwamba yeye si kama wanavyosema hutumia sehemu hiyo hiyo kujichunguza, kuzima woga na kukagua kila jibu mara ya pili na ya tatu, hata akafanana na mchukuzi aliyeongezewa gunia katikati ya safari. Mwenye kuelemewa zaidi, kwa mujibu wa maelezo haya, si mwanafunzi asiyejali masomo, bali ni yule anayeyathamini sana, kwa kuwa ndiye mwenye cha kupoteza.

Jaribio linalokaribiana zaidi na hali ya Olkaria lilifanywa vijijini kaskazini mwa India na Karla Hoff na Priyanka Pandey, na matokeo yake yakachapishwa 2006. Wavulana 642 wa shule, nusu wakiwa wa tabaka la juu na nusu wa tabaka linalodharauliwa, walipewa michoro ya njia zilizopindana watafute pa kutokea na walipwe kwa kila mchoro waliofaulu. Pale ambapo matabaka ya watoto hayakutajwa, makundi yote mawili yalifanya sawasawa. Pale ambapo jina la ukoo na tabaka la kila mtoto vilisomwa mbele ya wenzake kabla ya zoezi kuanza, wale wa tabaka la chini walishuka. Watafiti hao hawakuridhika kulitaja tatizo hili kuwa la woga peke yake, kwani waliona kwamba mtoto aliyezoea kubaguliwa huenda pia akapoteza imani kwamba bidii yake italipwa kwa haki. Tofauti hiyo ni muhimu sana, maana mtoto anayeona wakubwa wa jamii yake wakiajiriwa zaidi kwenye lango la kituo cha umeme kuliko ndani yake hana sababu ya kudhani kwamba aljebra itamfikisha mbali.

Hata hivyo, msomaji anastahili kuambiwa kwamba ushahidi wa maabara si imara kama ulivyotangazwa kwa miaka mingi. Mwaka 2018 watafiti wa Uholanzi waliwapima wanafunzi wa sekondari zaidi ya 2,000 kwa utaratibu uliotangazwa kabla ya kazi kuanza, na hawakuona kwamba kuwakumbusha wasichana dhana kuhusu wanawake na hesabu kulipunguza alama zao. Baadhi ya wachambuzi wanaamini pia kwamba tafiti zilizopata matokeo ya kuvutia zilichapishwa kwa urahisi kuliko zile zilizokosa. Haielekei basi kwamba sentensi moja ya msimamizi, dakika chache kabla ya mtihani, ina nguvu kubwa kila mahali. Madhara mazito zaidi hutoka katika njia ya taratibu, ambayo ni miaka ya kutotarajiwa chochote, na njia hiyo ina historia inayojulikana vizuri katika Bonde la Ufa.

Kwa mikataba ya 1904 na 1911, serikali ya kikoloni iliwaondoa Wamaasai katika malisho ya Naivasha na Nakuru, ikawapeleka kwanza sehemu yao Laikipia na kisha wote kusini, ili ardhi ipewe walowezi. Katika miaka ya 1930 madaktari waliofanya kazi Nairobi, H. L. Gordon na F. W. Vint, walidai kwa vipimo vya mafuvu na bongo kwamba akili ya Mwafrika wa Kenya haikukua kama ya Mzungu. J. C. Carothers, aliyewahi kuisimamia hospitali ya akili ya Mathari, aliandikia Shirika la Afya Duniani kitabu kilichotoka 1953 ambamo alimfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Madai hayo hayakuwa sayansi. Yalikuwa dharau iliyovikwa koti jeupe, na yanapaswa kuitwa hivyo bila kumung'unya maneno. Lakini yalisomwa na watu walioamua ni shule gani zijengwe, wapi, na zifundishe nini, na baada ya uhuru watoto wa maeneo ya wafugaji walirithi shule chache, kisha uchache wa waliofaulu ukatajwa kuwa thibitisho la tabia yao.

Mwalimu huweza kuuendeleza mzunguko huo pasipo nia mbaya yoyote. Utafiti wa Robert Rosenthal na Lenore Jacobson wa 1968, ambao ukubwa wa matokeo yake umebishaniwa tangu hapo, ulidokeza kwamba watoto wadogo ambao walimu waliaminishwa kwamba watachanua walipanda kweli katika vipimo, ingawa walikuwa wamechaguliwa kwa bahati nasibu. Mwalimu asiyetarajia jibu humpa mtoto muda mfupi wa kufikiri, humuuliza maswali mepesi, na humsifu kwa kazi ambayo asingeikubali kwa mwingine. Lugha nayo iliongeza giza, kwa kuwa mtihani wa KCPE wa kumaliza shule ya msingi, uliofanywa kuanzia 1985 hadi 2023, ulikuwa kwa Kiingereza isipokuwa somo la Kiswahili, na mtoto aliyelelewa kwa Kimaa, lugha ya Wamaasai, alipokawia kujibu swali la sayansi, ilikuwa vigumu kujua kama hakuelewa sayansi au hakuelewa swali. Huko Kokwet, kijiji cha Wakipsigis katika Bonde la Ufa hilo hilo, Charles Super na Sara Harkness walikuta kuanzia miaka ya 1970 kwamba wazazi walipima akili ya mtoto kwa kazi anazoweza kukabidhiwa bila kusimamiwa, kipimo ambacho karatasi ya shule haikioni kabisa.

Watu wazima wa Olkaria nao wamepitia hali ya kutoeleweka kwa sababu ya lugha. Mwaka 2014 familia za vijiji vinne vya Wamaasai zilihamishiwa eneo liitwalo RAPland ili kupisha mradi wa Olkaria IV, na jopo la ukaguzi la Benki ya Dunia, katika ripoti yake ya 2015, liliona kasoro katika mashauriano, ikiwamo kutotumiwa ipasavyo kwa Kimaa. Mzee anayenyamaza kikaoni kwa sababu mazungumzo yanaendeshwa kwa lugha isiyo yake ni rahisi kuchukuliwa kuwa mtu asiyefahamu mambo.

Kuhusu wasichana, vipimo vya SACMEQ, vinavyolinganisha shule za nchi za kusini na mashariki mwa Afrika, vinatoa ushahidi unaotosha kuvunja dhana ya kwamba maumbile ndiyo yanayoamua. Katika awamu ya 2007 wavulana wa Kenya na Tanzania waliwapita wasichana katika hisabati ya darasa la sita, ilhali Ushelisheli wasichana ndio waliowapita wavulana. Kama sababu ingekuwa katika ubongo wa kike, isingegeuka kwa kuvuka Bahari ya Hindi.

Tiba zilizojaribiwa ni za kiasi. Geoffrey Cohen na wenzake walieleza mwaka 2006 kwamba zoezi fupi la kuandika kuhusu mambo ambayo mwanafunzi anayathamini maishani lilipandisha alama za wanafunzi weusi katika shule moja ya Marekani, ingawa mahali pengine zoezi hilo halikuzaa tunda kubwa. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 56, inaitaka serikali iweke mipango maalumu ya elimu na ajira kwa jamii zilizotengwa, na hilo ni haki, ila mwanafunzi aliyeingia chuo kwa mpango huo anahitaji pia kusikia waziwazi kwamba nafasi ilitolewa kwa sababu shule yake ilinyimwa walimu na vifaa, wala si kwa sababu uwezo wake ulitiliwa shaka. Kwa Olkaria, lililo karibu zaidi ni kuwapeleka mafundi na wahandisi wa kike, na wale wanaozungumza Kimaa, madarasani mara kwa mara, wakiwa na kazi halisi ya kufundisha: shinikizo la mvuke, kina cha kisima, na hesabu za joto ambazo watoto hao wanaziona zikipaa angani kila asubuhi wanapokwenda shule.