Nilipokisoma kitabu cha imamu



Huku kwetu Ruponda, wilayani Nachingwea, Mwislamu si mtu wa mbali. Ndugu wa tumbo moja, huyu anakwenda Misa, yule msikitini, na msibani wanakula sahani moja. Lakini nikuulize: ni lini ulisoma kitabu ambacho Mwislamu anaieleza imani yake kwa kinywa chake?

Mimi nilikuwa sijawahi. Seminarini Uislamu tulifundishwa kwa vitabu vya Wakristo. Basi Jumapili moja, nikihubiri juu ya zaka, nikawachekesha waamini kwa habari ya Aga Khan kupimwa kwa almasi Dar es Salaam mwaka 1946. Kanisa zima likacheka. Kesho yake jirani yangu, mwalimu mstaafu, Mwislamu, akaniletea kitabu kilichochakaa: kumbukumbu za maisha ya huyo huyo, Aga Khan wa Tatu, Sultan Mahomed Shah, zilizochapishwa kwa Kiingereza mwaka 1954.

“Padri, nasikia umemtaja mzee huyu. Kasome kwanza.”

Nilisoma penseli mkononi, kama msahihishaji wa mitihani. Alipoeleza dini yake niliweka alama pembeni: hapa hakuna msalaba, hapa uongozi wa roho unarithiwa kwa ukoo. Kurasa za farasi wa mashindano niliziruka, na sioni haja ya kuziungama.

Kisha nikafika kwenye tauni ya Bombay, mwaka 1897. Watu wanakufa, na waliobaki wanaiogopa chanjo ya Haffkine. Kijana huyu, imamu tangu utotoni, hakutuma tangazo. Alichanjwa mwenyewe hadharani ili wafuasi wake waone.

Penseli nikaiweka chini. Nilikumbuka mwaka 2021, chanjo ya korona ilipofika. Watu waliniuliza nisemeje, nami nikawajibu kwamba kila mtu afuate dhamiri yake. Maneno sahihi kabisa, yana mahali pake katika mafundisho ya Kanisa. Ila mimi niliyasema kwa sababu naogopa, na nilichanjwa baadaye kimyakimya, mbali na parokia.

Hata ile almasi nilikuwa nimeisimulia nusu. Mawe yenyewe yaliazimwa, na fedha waumini walizomchangia kwa thamani yake alizirudisha zikawe mitaji ya kuwainua watu wake.

Nikaenda kwa Mwalimu kuomba radhi. Nikamwambia nimemkosea imamu wake.

“Imamu wangu?” Alicheka mpaka akakohoa. “Mimi Sunni, Padri! Huyo ni wa Waismailia. Hata mimi nilikisoma kama mgeni, na yapo niliyoyakataa.”

Miaka yote hiyo nimeishi jirani naye, nami nilikuwa nimewafunga wote katika tita moja kama kuni.

Ndugu msomaji, sikuambii kwamba dini zote ni sawa. Alama zangu za pembeni sijazifuta, na mtu huyu hakuwa Mkristo asiyejijua. Angekasirika kuambiwa hivyo. Lakini mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitutaka tuweke kando ugomvi wa zamani na Waislamu, tujitahidi kuelewana. Tutaelewanaje na mtu tusiyemsikiliza akijieleza? Bwana wetu aliistaajabia imani ya akida wa Kapernaumu baada ya kumwacha aseme mpaka mwisho.

Jumapili iliyofuata nilisahihisha maneno yangu altareni, pamoja na habari ya chanjo. Wapo waliokunja uso, na mzee mmoja wa kanisa akaniuliza kama nataka kusilimu.

Mwalimu naye aliomba kitabu cha kwetu. Nimempa Maungamo ya Mtakatifu Augustino. Juzi alinisimamisha njiani, amefika pale Augustino na vijana wenzake wanapoiba mapeasi usiku.

“Padri, matunda tu, na analia hivi? Alikuwa ameficha nini kingine?”

Nimemwomba anipe wiki moja.