Lango dogo linalotuliza nafaka itokayo kwenye mizani

Na Mwandishi Wetu

WATU wengi hudhani kwamba kazi ya kupima nafaka kinuni huisha pale uzito unapoandikwa. Kumbe kuna hatua moja zaidi, nayo ikipuuzwa huleta hasara na hata maafa.

Mizani inayojiendesha yenyewe hupima nafaka kwa mikupuo. Pipa la kupimia likifikia uzito uliopangwa, mlango wa juu hujifunga, kisha wa chini hufunguka na mkupuo mzima huporomoka. Lakini mkanda wenye ndoo unaopandisha nafaka ghorofani huhitaji mtiririko ulio sawa.

Kwa sababu hiyo, chini ya mizani huwekwa pipa la kupokelea, lenye lango la kutelezesha mdomoni. Fundi hulipanua au kulibana kulingana na uwezo wa mkanda. Tofauti na maji, kasi ya punje zinazopita tunduni haipungui sana hata rundo lililo juu likipungua. Hivyo lango sahili hutosha.

Likibanwa mno, nafaka hurundikana hadi ndani ya mizani. Punje zilizobaki huweza kuhesabiwa mara ya pili, na mnunuzi akalipia asichokipata.

Likiachwa wazi mno, ndoo huzidiwa, mkanda huteleza na kupata moto kwa msuguano, penye vumbi liwezalo kulipuka. Hatari ya vumbi hilo si ya kubuni: Mei 2, 1878, mjini Minneapolis, Marekani, mlipuko wa vumbi la unga ulioanzia kinu cha Washburn A uliua watu 18.