Bawa Juu ya Bawa

Fundi wa mtepe katika visiwa vya Wabajuni hakupigilia misumari. Alitoboa mbao kando, akazishona kwa kamba ya makumbi, na mbao zikabanana hadi chombo kikabeba mzigo. Fundi huyo angeonyeshwa mchoro wa ndege ya mtu mmoja ya mabawa mawili, moja juu ya jingine, nusu yake angeielewa bila mkalimani.

Ndege za namna hiyo zimewahi kufika upande huu. Mwaka 1940 Afrika Kusini ilileta Kenya ndege za kivita za Hawker Fury. Waitaliano nao walikuwa na Fiat CR.42, bawa juu ya bawa vilevile. Bandari ya Kismayu, Somalia, ilitekwa kutoka kwa Waitaliano tarehe 14 Februari 1941, na kufikia hapo ndege hizo zilikuwa zimekwisha kupitwa na wakati. Fury ilirudi kwa mlango mwingine: Mwingereza John Isaacs alijijengea ya mbao na kitambaa, kwa kipimo cha saba ya kumi, ikaruka tarehe 30 Agosti 1963. Upana wa mabawa wa mita 9.1 ukawa mita 6.4.

Wengi hudhani mabawa mawili huinua maradufu. La. Yakikaribiana, hewa ya moja huvuruga ya mwenzake. Faida yake ni wepesi: bawa linalojitegemea hudai mti mnene ndani yake, ilhali mawili yakiunganishwa kwa nguzo na nyaya za mkingamo huwa kama sanduku, na vijiti vyembamba vinatosha.

Nyaya hizo hupokezana zamu. Angani, zinazopanda kutoka kiunoni mwa ndege hadi bawa la juu ndizo hukaza. Ikiwa chini, zile za kinyume ndizo hubeba uzito wa mabawa. Nahodha anaijua kazi hiyo: kamba ya mlingoti ya joshini hukaza, ya demani hulegea, na tanga likigeuzwa hubadilishana.

Gharama ni upepo. Waya wa mviringo, japo mwembamba, huikokota ndege kuliko macho yanavyodhani, ndiyo maana mafundi hupenda waya bapa.

Rubani naye ni mzigo mkubwa, hivyo hukalishwa karibu na kitovu cha uzito, na mara nyingi ukingo wa nyuma wa bawa la juu hukatwa kidogo ili aingie na kuona juu.

Kwenye hewa ya chumvi ya Kismayu, ukaguzi wa ndege kama hiyo ungeanzia kwenye ncha za nyaya, ndani ya vishikio, kutu inakojificha. Mtepe nao ulikuwa ukishonwa upya.