Petroli ya Malawi haipendi kukaa

Umeme ukikatika Area 18, Lilongwe, jenereta huanza kunguruma mara moja: saluni, bucha, fundi wa kuchomelea. Kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, yapata kilomita 45 kaskazini, ni hivyo hivyo. Wakimbizi wa Kongo, Burundi na Rwanda wamejenga soko zima huko tangu kambi ifunguliwe 1994. Kimbunga Ana kilipobomoa bwawa la kituo cha umeme wa maji cha Kapichira Januari 2022, gridi ilipoteza megawati zinazokaribia 130 kwa zaidi ya mwaka. Tangu hapo mwenye biashara hamwamini tena mwenye umeme. Kwa bahati mbaya mafuta nayo huadimika kila dola zinapopungua, kwa hiyo anayepata lita 20 huzificha, mara nyingi chini ya kitanda, kwenye kidumu kilichokuwa na mafuta ya kupikia.

Anachoficha ndicho kisichofaa kufichwa. Tangu 1982 Malawi huchanganya petroli na ethanoli inayotokana na miwa ya Dwangwa, na baadaye ya Chikwawa. Mpango huo umeipunguzia nchi mzigo wa kuagiza mafuta, lakini ethanoli hunywa maji, hata ya hewani. Masika yakiingia, mimina petroli ya miezi mitatu kwenye chupa ya kioo, uiache itulie. Ukiona tabaka la pili limekaa chini, hilo ni maji na ethanoli, na jenereta hunyonya kutoka chini. Ndiyo maana mashine iliyowaka jana leo inakohoa na kuzima, na fundi analaumiwa bure.

Hatari ya moto ni kubwa zaidi. Mvuke wa petroli hushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na kwa kuwa ni mzito kuliko hewa hutambaa sakafuni hadi kwenye jiko la mkaa. Morogoro, Agosti 2019, lori la petroli lililopinduka lililipuka na kuua watu zaidi ya 100, wengi wao waliokuwa wakichota mafuta yaliyomwagika.

Dizeli, ambayo Wakongo wa Dzaleka huiita mazutu, huhitaji joto la nyuzi zaidi ya 50 ndipo mvuke wake ushike moto. Ikiwa kavu na kivulini hukaa miezi sita hadi mwaka. Maji yakiingia, vijidudu huota na kuacha utelezi mweusi unaoziba chujio. Gesi ya mitungi haichachi, ila ikivuja hujikusanya chini, hivyo mtungi ukae nje.

Jenereta ya dizeli ni ghali kununua, na hapo wengi hukata tamaa. Naamini maduka matano ya safu moja yakichanga yanaweza kununua moja, yakagawana mazutu na bili. Pipa la mazutu liinuliwe juu ya matofali, nje, mbali na ukuta wanakolala watoto. Lisijazwe pomoni, kifuniko kikazwe, na tarehe ya kujaza iandikwe ubavuni kwa chaki.