Picha za Ukutani na Utulivu wa Nyumba

Wengi wetu tukiisha kujenga nyumba ya tofali na kuipiga lipu, twaona ukuta mtupu kuwa ni aibu. Basi misumari hupigiliwa upesi: kalenda ya mwaka huu, na ya mwaka jana pia kwa kuwa maua yake yangali mazuri, picha ya arusi, hati ya shule, saa iliyosimama, na maua ya karatasi yaliyopaushwa na jua. Sisi nasi tulifanya vivyo hivyo katika nyumba yetu ya Iringa. Siku moja tulihesabu vitu 17 ukutani, katika chumba ambacho watu wanane hawaketi kwa nafasi.

Hatukuona kosa mpaka mama yetu mzazi alipougua akaletwa kwetu kutoka kijijini. Tulimlaza katika chumba cha mbele, maana ndicho chenye jua, na baridi ya Iringa ya Juni na Julai si ya mchezo. Mkabala wa kitanda chake palikuwa na picha ya chui, ya namna ile ya Tingatinga, yenye rangi za kung'aa na macho makubwa. Tulikuwa tumeinunua kwa fedha nyingi, nasi twajisifia kwa wageni. Usiku wa tatu homa ilipompanda, mama akatuita, akasema, "Mwanangu, mtoe huyu. Nikifumba macho namwona, nikifumbua ananitazama." Tukamtoa usiku ule ule kwa mwanga wa taa. Asubuhi yake akaomba na kalenda ziondolewe, maana alikuwa akihesabu siku zake juu yake. Hapo tuliona haya sana, kwani miaka mingi tulikuwa tukipamba ukuta kwa ajili ya macho ya mgeni apitaye, wala hatukumfikiri alalaye humo.

Walakini tusimwonee yule chui. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932, alianza kuchora mjini Dar es Salaam mwaka 1968, juu ya vipande vya mbao laini za mraba, kwa rangi ya mafuta ipakwayo baiskeli. Alifariki mwaka 1972, nayo miaka minne tu ikatosha kuacha nyuma yake wanafunzi na namna ya uchoraji ijulikanayo duniani. Kazi hiyo ni ya furaha na kelele, kama ngoma. Ngoma ni njema, ila haipigwi chumba cha mgonjwa. Chui wetu sasa anakaa barazani, mahali watoto wanapolia chakula, nao wamempa jina.

Pale alipotoka tulitundika kitu kimoja tu: ungo wa milulu aliousuka mama mwenyewe zamani, ambao ulikuwa umefungiwa jikoni. Wasomaji wa Iringa wanaijua milulu, majani yale ya mabondeni yenye maji, yakatwayo na kuanikwa, na mengine kutiwa rangi, ndipo akina mama wa Kihehe wasuke vikapu. Rangi yake ni ya majani makavu, na mistari yake yazunguka polepole hata katikati. Jicho likiingia humo halisumbuki. Mama alikuwa akiutazama kwa saa nzima, na mara moja alicheka akituonyesha mahali alipokosea mstari alipokuwa msichana. Sisi tulikuwa hatujauona mstari ule kamwe.

Tangu hapo tumekuwa watu wa kutazama kabla ya kununua. Mjini Iringa twapenda kupita katika Boma, lile jengo la enzi ya Wadachi lililofunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2016, tuone vitu vya wazee vilivyopangwa kimoja kimoja, kila kimoja na nafasi yake ya kupumua. Nako ni huko Iringa ilikoanzishwa Neema Crafts mwaka 2003, chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa la Anglikana, kwa vijana watatu viziwi; kazi yao ya kwanza ilikuwa kutengeneza karatasi kwa mavi ya tembo. Msicheke! Karatasi ile ina nyuzinyuzi nzuri, na kipande chake kitupu katika fremu ni pambo tosha.

Ndugu wa upande wa Mbeya nao wasiseme hawana kitu. Mzungu Joseph Thomson alipofika kaskazini ya ziwa Nyasa mwaka 1879, alistaajabia usafi wa nyumba na vijiji vya Wanyakyusa. Na hata leo vyungu vya Wakisi huletwa Lyulilo, karibu na Matema, navyo hufinyangwa na wanawake bila gurudumu. Chungu kimoja cha namna hiyo juu ya meza ndogo, ukuta wa nyuma yake ukiwa mtupu, chapita picha kumi za kalenda.

Wengine hutuuliza habari za picha za Maandiko. Zafaa sana, lakini si zote kwa kila chumba. Elimo Njau wa Marangu alichora katika kanisa la Murang'a, Kenya, picha tano kubwa za maisha ya Bwana Yesu, akimwonyesha kuwa Mwafrika katika nchi ya Waafrika, akazimaliza mwaka 1959. Mateso yamo, na ukuta wa kanisa wayachukua, kwa kuwa watu huingia humo kwa kusudi kisha wakatoka. Chumba cha kulala watoto hakiyachukui. Huko twaona heri picha ya kuzaliwa kwake.

Katika kutundika, wengi huweka picha karibu na dari, hata mgeni aumwe shingo. Keti kwanza kitini, kisha mwambie mtu aishike mpaka iwe sawa na macho yako. Isiwe pana kuliko kiti kilicho chini yake. Ikiwa ina kioo, usiielekeze dirishani, ama utaona mwanga tu. Ukuta wetu wa nyanda za juu hushika unyevu wakati wa masika, basi bandika vipande vidogo vya mti nyuma ya fremu ili hewa ipite, na kila mwezi uichungulie kwa ajili ya mchwa.

Mama alikaa nasi majuma kumi na moja, kisha akarudi kijijini kwa miguu yake mwenyewe toka kituo cha basi. Ungo alitaka kuuchukua, tukamsihi, akatuachia. Ama kalenda, mama wa nyumba hakukubali ziishe zote: moja imebaki nyuma ya mlango wa jikoni, naye asema hiyo haitoki.